Kipa Aliyeitwa Mimi

Mimi ndiye Bukuru.
Yule waliyempigia makofi Lubumbashi,
yule waliyemrushia chupa za maji Kitwe,
ni Toyi, mdogo wangu kwa robo saa.
Mama alitutofautisha kwa kovu la nyusi. Wengine walibahatisha.

Ilikuwa hivi. Mtu alikuja Gungu na gari lenye namba za Bujumbura,
akasimama nyuma ya goli letu la miti miwili
na mwamba wa kamba ya katani,
akamwona Toyi akipangua mashuti yangu matano.
La sita alilidaka kwa mkono mmoja, akacheka.
Kicheko kile sijakisamehe.

Mtu yule alitaka cheti kabla ya Alhamisi.
Nyumbani cheti kilikuwa kimoja, cha darasa la saba,
chenye jina langu.
Toyi aliishia la tano, akaenda Kibirizi kubeba magunia ya dagaa.
Nilikitoa mwenyewe chini ya godoro.
Hakuna aliyenilazimisha.
Hakuna aliyeniuliza mara mbili, vilevile.

Basi jina langu likavuka Manyovu alfajiri
limevaa viatu vya kuazima,
nami nikabaki Mwanga naziba pancha.

Nikajizoeza kujisikia redioni.
*Bukuru anaruka! Bukuru ameupangua!*
nami nina grisi hadi viwikoni, spoki katikati ya meno.
Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ulinyamaza,
isipokuwa siku ile, dakika ya themanini na nane,
Bukuru alipoutema mpira miguuni mwa adui.
Mteja akasema, Aa, Bukuru, umetuangusha,
akalipa pungufu.
Usiku viganja viliniwasha
kana kwamba ni mimi niliyeutema.

Alituma fedha, simkatai kwa hilo.
Mtumaji: Bukuru. Mpokeaji: Bukuru.
Binti wa dirishani akanitazama juu ya miwani:
Kaka, unajitumia?
Nikamwambia, ndiyo, nimesafiri.

Nampula walimweka miezi minne bila mshahara,
akala mihogo ya jirani.
Sohar alikuwa kipa wa tatu,
kazi yake kuwapasha wenzake moto
katika nchi ambayo hata kivuli kinatoka jasho.
Hayo hayakutangazwa. Redio haina habari ya benchi.

Mama alipofariki,
uwanja ule ule wa chupa ulisimama kimya dakika nzima
kwa ajili ya mama yake Bukuru.
Watu elfu ishirini, waliniambia baadaye.
Mimi nilikuwa kaburini, Rubuga, na koleo.
Tulikuwa kumi na wanane, na udongo ulikuwa mgumu.

Mwezi uliopita ameshuka stesheni
na begi moja na goti lisilokunjika.
Vidole vyake ni kama spoki za baiskeli iliyogongwa na lori;
jioni navichua kwa mawese,
vifungo vya shati anafungwa na mke wangu.
Amenirudishia pasipoti.
Chukua, kasema, kurasa zimeisha.
Nimeifungua: sura yangu, mihuri yake.
Nimeiweka chini ya godoro, palepale.

Jana karani wa vitambulisho alimuuliza jina.
Alikaa kimya muda mrefu sana,
kama kipa anayesubiri mpigaji ahukumu upande,
halafu akanigeukia mimi.

Leo tumekwenda Gungu.
Goli sasa ni la chuma, lina nyavu, limetoboka kushoto.
Toyi amesimama kwenye mstari bila glovu,
ananyoosha mikono yote miwili, haifiki popote.
Watoto wamekusanyika. Mmoja ananivuta shati:
Babu, yule kipa anaitwa nani?

Simjibu. Narudi nyuma, nahesabu hatua.
Nne. Tano.
Mpira umekaa kwenye udongo mwekundu,
na yeye, mjinga yule,
ameanza kucheka.