Mchele wa Kitere

Saa sita usiku, Chikongola, umeme umerudi.
Nimejigubika shuka gubigubi, mimi na simu,
nisimwamshe Somoe, ana zamu ya wodini alfajiri.
Nanong'ona Kiingereza cha ukumbini,
kile cha kwa mujibu wa matokeo haya,
si kile cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Akili mnemba haina usingizi. Haicheki.
Nasema: wakulima wa mchele, bonde la Kitere.
Inaandika: wakulima wa chawa.
Narudia. Chawa.
Naukunja ulimi, nauvuta nyuma, usiguse kaakaa,
kama inavyonielekeza.
Chawa, magunia mia nne kwa msimu.

Ulimi huu nimeurithi. Kwa bibi, Nanguruwe,
mimi, Rukia wa kwenye cheti, ni Lukia,
na redio ni ledio, na roho ni loho,
na hakuna aliyewahi kupungukiwa kitu.
Lakini Ijumaa nasimama mbele ya jopo,
na jopo halina bibi Nanguruwe.

Usiku wa saba, bando likikaribia kukata roho,
neno likatoka. Mchele.
Nikalirudia mara ishirini
kama mtu asiyeamini chenji aliyorudishiwa.
Mashine ikanipongeza kwa upole uleule
iliotumia kunikosoa,
nikashindwa kujua kama imefurahi.

Ijumaa. Daktari Nangomwa anavua miwani,
ananikatiza sentensi katikati
(mashine haikuwahi kunikatiza),
anauliza faida inaishia kwa nani.
Ulimi ukarudi kwao.
Nikasema chawa.
Ukumbi ukaangua kicheko, hata fundi wa projekta.

Nami, sijui nilikitoa wapi, nikajibu
kwa Kiingereza ambacho sikukifanyia mazoezi:
Hao pia wapo, Daktari. Wanakuja na mizani yao,
wanajaza lumbesa, wananyonya gunia kwa gunia.
Tazama jedwali la tatu, safu ya mwisho.

Kimya. Feni.
Kalamu yake ikaandika kitu kirefu.

Jioni nikafungua simu. Ikaniuliza,
tuendelee na ile herufi?
Nikasema ndiyo, tuendelee, bado sijaimudu.
Ila kwanza nikampigia bibi.
"Lukia," akaita.
Nikaitika.