Kutafuta Mwiba

Utotoni, mtoki ukinivimba kinenani,
bibi hakuugusa.
Alisema: lete mguu.
Akaupekua kidole kwa kidole kwenye mwanga wa koroboi,
na akiuona mwiba alicheka
kama aliyemfumania mwizi jikoni.
Chanzo, alisema, hakikai penye uvimbe.

Leo nina miguu ya watu mia nne na kumi na wawili
ndani ya kompyuta moja, ghorofa ya pili, Maskati,
chini ya kiyoyozi kinachodondoshea ndoo.
Limfoma. Tezi za shingo, za kwapa, za tumbo.
Nani aliyekanyaga nini, na lini?

Ibra, namkuta Bi Thureya binti Muhenna,
muuza ubani soko la wanawake, kila Jumatano.
Namuuliza kwa Kiarabu, fomu inavyotaka:
Umewahi kupuliza dawa mitendeni?
Wazazi wako ni watoto wa ami?
Ananijibu kwa Kiswahili, kashaisikia lafudhi yangu:
"Uliza vizuri, mwanangu. Mie nimezaliwa Tabora.
Malaria nimeinywa kama uji.
Mara ngapi? We hesabu masika."

*Mahali pa kuzaliwa: chagua mkoa.*
Sharkia ipo, Batina ipo, Dhofari ipo.
Tabora haimo.
Naiandika kwa nguvu, kisanduku kinawaka chekundu.
Basi naiandika pembeni, kwa kalamu ya risasi,
na siku hizi pembeni kumejaa:
Bujumbura, Pemba, Mwanza, *kisima kilichonuka mafuta*,
*kaka alikufa na shingo nene, hakupimwa.*

Wakubwa wanataka mzigo wa maradhi,
na mzigo wao una desimali mbili.
Mimi nimeuona ukipita korido:
birika la kahawa, mto wa nyumbani,
kijana anayelala garini asilipie chumba,
kilomita mia na hamsini na ushei kuja,
zile zile kurudi, mama anatapika mfukoni,
na Jumatano kumi na tisa
meza ya ubani imekaliwa na muuza soksi.

Ni virusi? Ni dawa? Ni damu? Ni masika ya Tabora?
*Haijulikani*, naandika. *Haijulikani.*
Herufi H imefutika kwenye kibao changu.

Jana, dripu ikimwingia tone kwa tone,
Bi Thureya alifumbua jicho moja.
"Umeuona?"
Nikadhani majibu ya maabara. Nikaanza kueleza.
"Siulizi makaratasi. Mwiba."
Kumbe naye alikuwa na bibi.

Nikamwambia, bado.
Akausukuma mguu nje ya shuka:
kisigino kimepasuka, hina imebaki kwenye kucha tu.
"Haya," akasema, "anzia hapo,"
akacheka mpaka nesi akaja kutazama.

Fomu haina swali la mguu.
Niliiweka chini, nikawasha taa ya simu,
nikaanza na kidole gumba.