Chupa Saba

Bamba za klachi zililala usiku kucha ndani ya oili
katika sufuria yangu ya tamale (sitaipikia tena, msiulize).
Juzi nikazipanga kwa kidole: ya chuma, ya karatasi, ya chuma,
mpaka ngoma ikajaa.
Kanveta niliisimamisha kama mtungi, mdomo juu,
nikaimiminia chupa mbili, taratibu.
Ikakoroma, ikatoa povu, ikanyamaza, ikaomba tena.
Kisha nikaisukuma mahali pake huku nikiizungusha:
tak. Nikangoja. Tak. Nikangoja.
Ya tatu sikuisikia kwa sikio, niliisikia kwenye viwiko.

Leo giaboksi iko tumboni mwa Impala, boliti zimekazwa,
na theluji ya milima ya Truchas inaonekana
kupitia kioo ambacho hakijafutwa tangu Pasaka.
Onofre, mwenye jeki, anatazama saa.
"Eufemia, washa tu. Itajivutia yenyewe."

Itajivutia nini, Onofre? Hewa?

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mara ya kwanza,
hapahapa Española, karakana hiihii.
Giaboksi safi, sili mpya, mikono yangu ikijua kila kitu
isipokuwa kusubiri.
Nikawasha, nikasema nitajaza baadaye.
Pampu ikalia. Si kunguruma: kulia,
kilio chembamba cha chuma kinachokula chuma,
nami nikakanyaga mafuta nikidhani inataka nguvu
kumbe inataka kinywaji.
Dakika nne. Harufu ya mkate ulioungua.
Kaka yangu Lisandro alikuwa anaoa siku hiyo, saa tano.
Alikwenda kanisani kwa miguu, maili mbili,
viatu vyeupe kwenye tope la Machi,
na kwa miaka arobaini na mmoja hajanitajia neno pampu.
Kuna watu husamehe kwa kelele. Yeye husamehe kwa kunyamaza,
na kimya chake ni kirefu kuliko barabara ya Chimayó.

Basi: faneli kwenye bomba la kijiti.
Chupa ya kwanza, nyekundu kama juisi ya rozela.
Ya pili. Shingo ya faneli ni nyembamba, oili haina miadi na mtu,
bomba linameza kidogo, linacheua viputo.
Ya tatu.
Ya nne, mkono umechoka, nimebadilisha.
Ya tano.
Lisandro ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
magoti yake mabovu ameyanyoosha,
kitambaa cha kupangusia kijiti kimekunjwa mapajani
kama kitambaa cha altare.
Amevaa tai. Sikuuliza.

Ufunguo.

Stata, moto, injini inakohoa mara moja,
na pampu, sikilizeni, pampu haina neno:
ni kimya cha mtoto aliyepata titi.
"Ongeza!" anasema Lisandro, neno lake la kwanza leo,
nami namimina injini ikizunguka polepole,
ya sita, ya saba, kanveta bado ina kiu,
mguu wa Onofre kwenye breki, mkono wangu ukimwashiria:
rivasi, hesabu mpaka kumi; fri; mbele; ya pili; ya kwanza; rudi.
Kila gia inapoingia gari linashtuka kidogo,
kama farasi anayeguswa mgongoni.

Lisandro anachomoa kijiti, anakipangusa, anakirudisha, anakichomoa.
Anakiinua kwenye mwanga. Haoni vizuri siku hizi.
"Iko wapi?"
"Chini ya alama. Bado ni baridi. Ikipata moto itapanda."
"Kwa hiyo tunangoja."
"Tunangoja."

Kuna tone moja jekundu kwenye theluji mlangoni.
Nimepiga magoti, nimepitisha kidole chini ya sili:
pakavu. Limetoka kwenye faneli.
Nadhani ni faneli.

Onofre ameniachia usukani.
Lisandro anaingia upande wa pili, ananyoosha tai,
anafunga mlango kwa mikono miwili.
Karakana ni finyu, hakuna pa kugeukia.
Tunaanza kinyumenyume.