Cha Nini Kijiko?

Nimeununua mtumba hapa Nakuru,
mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa viatu.
Mdogo. Ndiyo sababu niliupenda.

Chupa mbili za maji, hizo hazina mjadala.
Viazi vitamu, bado vinafuka.
Chumvi ndani ya kikaratasi.

Mwavuli unajitetea.
Nauambia: upepo wa Menengai hauna adabu,
utakugeuza bakuli.
Koti la mvua linachukua nafasi yake.

Kitabu nakitia, nakitoa, nakitia.
Nakitoa.

Kwamboka hapendi goti lake litajwe
tangu ateleze kwenye ngazi za benki.
Bandeji naiweka juu kabisa, chini ya zipu,
mkono uifikie bila kupapasa,
bila maneno.

Kizito kikae karibu na mgongo:
ndivyo baba alivyofunga gunia la pareto
kwenye baiskeli, Molo, likashikana na chuma
mpaka mteremko ukaisha.

Nauvaa. Naruka mara mbili gizani.
Kitu kinagonga, kling.
Kijiko.
Cha nini kijiko?
Nakitupa mezani, nazima taa,
nalala.

Saa tisa usiku nakumbuka
Kwamboka hatembei bila parachichi.
Naamka peku, nakirudisha,
nakiviringisha kwa soksi.