Jezi ya Rangi Nyingine

Wenzangu buluu, mimi rangi ya chungwa,
kama karoti iliyopotelea kapuni mwa bilinganya.
Sheria imeninyima mengi: sipigi servisi,
siruki kuzuia, sipondi mpira juu ya utepe.
Nimeachiwa sakafu.
Cha mvunguni huinamiwa, eti;
mimi nimehamia mvunguni.

Hapa Urmia mtoto huujua wavu
kabla hajajua kufunga kamba za viatu,
na kila foleni ya mkate ina kijana
anayeinama asigonge kizingiti.
Mimi nilikoma kwenye mita moja na sitini na nane.
Mama alinipima kila Nowruzi kwenye fremu ya mlango wa jikoni;
alama tatu za mwisho zimelaliana,
penseli juu ya penseli,
kama jina lililokatwa na karani.

Mwalimu Elshan hakunihurumia.
Mwezi mzima hakunipa mpira.
Alipanda juu ya meza, ng'ambo ya wavu,
akainua mkono mtupu.
"Wapi?"
Mkono haujashuka bado.
Nikaonyesha mshazari. Akatikisa kichwa.
"Umetazama kiganja. Kiganja kina maneno mengi.
Tazama bega. Tena."

Wapi? Tena. Wapi? Tena.
Theluji ikapanda hadi nusu ya madirisha.
Nikawa hata sokoni nasoma mabega ya watu:
huyu atageukia kwa muuza jibini,
yule anakusudia kuondoka bila kulipa.

Mikono nilifundishwa na matufaa.
Mjomba Aydin huyarusha kutoka juu ya lori,
mimi nadaka, Baba anapanga kwenye kreti.
Tufaa likikuta kiganja kigumu hupata jeraha
lisiloonekana leo;
huonekana keshokutwa, mnunuzi akishalipa nusu.
"Usishindane nalo," Baba husema.
"Lipokee. Rudi nalo kidogo."
Jumatatu yake Dariush alinishushia kombora,
nikarudi nalo kidogo,
mpira ukapanda bila kelele
ukamfikia seta kama uliofungwa kwenye nyasi kavu.
Dariush alisonya. Nilifurahi siku mbili.

Lakini sijawa hodari, nisidanganye.
Servisi ya kuelea bado inanitia kiwewe:
inakuja kama mlevi, haijui nyumba yake.
Na miguu yangu hukimbia wakati mikono inapokea.
"Simama kwanza!" Mwalimu hunguruma.
"Heri usimame mahali pabaya
kuliko kupita mahali pazuri!"

Kisha wakaja wale wa Tabriz.
Seti ya tano, kumi na tatu kwa kumi na nne.
Mpigaji wao akaruka, akabaki hewani
kama aliyesahau kushuka.
Kizuizi chetu kilifunga mshazari,
bega likaniambia: mstari.
Nikasimama kwenye mstari, miguu imetulia,
kila kitu kama nilivyofundishwa.
Naye akaudokoa tu, kwa ncha za vidole,
ukadondoka nyuma ya kizuizi, polepole, kama aibu.

Kumbe bega nalo husema uongo.

Sikufikiri. Nilijitupa, kifua kikateleza,
kiganja kikabana sakafu,
mpira ukagonga mgongo wa mkono wangu
ukainuka kimo cha glasi ya chai.
Seta akaupata. Dariush akaupiga.
Wakauzuia.
Tukafungwa.

Chumbani hakuna aliyesema neno.
Mwalimu Elshan aliinama mbele yangu,
akatazama kiwiko kilichochunika, akauliza:
"Wapi?"
Sikuwa na jibu.
Akaniwekea kitambaa cha barafu, akaenda zake.

Nowruzi hii nilimwambia Mama alete penseli.
Akaelekea mlangoni. Nikamwita arudi.
Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni,
vidole vya miguu ukutani, mkono mbele, kiganja chini,
pua karibu na makombo ya mkate.
Alicheka mpaka akakaa.
Kisha akachora alama, akafungua futi yake ya kushonea,
akaisogeza mara mbili, akahesabu kwa sauti:
mita mbili, na sentimita kumi na tatu.