Kubebesha

Mlima ule ng'ambo ya mto niliuingia miaka ishirini na minane,
taa kipajini, nikitoka mweusi hadi kwenye kope.
Kisha wakatia kufuli langoni, wakanipa karatasi na mkono,
nami nikawa mtu wa kuhesabu vigae vya jikoni
na kumuudhi mke wangu kwa kuvihesabu kwa sauti.

Sasa ni Machi, nyasi zimelowa,
na mwalimu wangu ana miaka ishirini na sita.
Luzdivina: jina la bibi yake, buti za marehemu baba yake,
hekta mbili za mitufaha zilizoinama
kama sahani iliyowekwa vibaya mezani.
"Shika kisu hivi," anasema, "si kama unachimba."
Nashika kama ninayechimba.
Kikonyo kinakatika. Anacheka puani, ananipa kingine.

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo.
Mimi nimekauka, nimetiwa chumvi, nimening'inizwa juu ya moshi,
na binti huyu ananikunja taratibu:
kwanza kidole gumba, kisha kifundo cha mkono,
kisha, na hapo ndipo pagumu, ulimi,
niweze kusema "sijui" bila kukohoa kwanza.

Kubebesha ni hivi:
shina la mwitu, gumu, lisilo na adabu,
unalipasua, unalichomeka kikonyo cha tufaha kali la kukamulia,
ganda la ndani kwa ganda la ndani, kijani kwa kijani,
unafunga utepe, unapaka nta, unanyamaza.
Kwa nini ninyamaze?
"Kwa sababu huna lingine la kufanya."

Wiki ile nilibebesha arobaini.
Kule chini nilibeba magogo ya kushikilia dari,
na mara moja nilimbeba Arsenio, mita mia tatu,
kwa kuwa machela haikupita.
Hilo sikumwambia Luzdivina.
Ila siku moja alinikuta nimesimama katikati ya safu,
kisu mkononi, kazi sina,
akaiweka chupa ya kahawa kwenye nyasi, akaenda zake.

Mei tulihesabu. Kumi na moja yalikuwa yamechipua.
Alihesabu mara mbili.
"Nilidhani tisa," akasema.

Juni, fyekeo. Jiwe la kunolea huloweka maji
ndani ya pembe ya ng'ombe iliyofungwa kiunoni.
Lenuta, aliyekuja na mumewe kwa basi la siku mbili,
anafyeka kama anayechana nywele za mtoto aliyelala;
mimi nafyeka, na nyasi zinanyanyuka tena
kutazama ni nani huyo.

Oktoba, mvua, matufaha chini kila mahali,
na sisi saba wa msimu tumepiga magoti matopeni.
Mgongo ndio unaohesabu magunia.
Nel, mwanafunzi, anaimba hadi saa nne, baada ya hapo haimbi.
Jioni ghala linanuka sukari na nyigu,
na Luzdivina anatugawia supu ya maharagwe
yeye mwisho, amesimama, kwa sababu viti ni saba.

Desemba, bahasha.
Lenuta anakwenda kusini, kwenye machungwa;
ameninyoshea fyekeo langu bila kuulizwa.
Nyumbani nimeufungua mkono chini ya taa.
Kovu la kale bado ni la buluu, makaa yamelala ndani ya ngozi,
na juu yake limepanda kovu la kisu, jekundu, la mwaka huu.
Mke wangu amelitazama, akaniuliza kama linauma.
Sijui, nimesema. Sikukohoa.

Februari, kupogoa. Tayari ameniandika
kwenye kalenda ya ghalani, kwa penseli,
nusu ya jina langu tu: Etelv,
hapo ncha ilipovunjika.