Mshika Saa

Idara ya Maji, Tartu, Februari.
Hoja ubaoni: mto una haki ya kufurika.
Sarafu ikarushwa, Eneli akaangukiwa na kutetea,
yeye ambaye mto ulimzolea ghala la bibi yake,
na ndama ndani.

Akautetea. Kwa takwimu, kwa ramani,
kwa sauti kavu kama mkate wa juzi.
Taavo, mpinzani wake, akasahau kuandika.

Dakika ya tano akanyamaza.
Theluji ikaporomoka kutoka paani, kishindo kimoja.
Sheria yasema gonga kengele;
kidole kikagoma.

“Mto haubishani,” akasema hatimaye,
“wala haubishi hodi.”

Majaji wakamkata alama tatu kwa muda aliopoteza.
Mimi niliuandika wote,
dakika mbili na sekunde kumi na moja,
kwenye safu ya hoja.